Kwanza Huuziwa Kasoro

Mwaka 1972, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Wagonjwa 32 kati yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine waliolazwa, watumiaji walikuwa asilimia 11 tu. Zaidi ya miaka 50 baadaye krimu za zebaki zimepigwa marufuku nchini, lakini bado hazijakosa mnunuzi katikati ya jiji la Nairobi. Nadhani ni kwa sababu marufuku inalenga chupa, ilhali biashara hii huanza kabla ya chupa, pale mtu anapoaminishwa kwamba rangi yake ni kasoro. Anayesifiwa mtaani kwa "rangi ya thao", yaani weupe wa ngozi, anawatangazia wauzaji bure. Ukitoka River Road ukapanda hadi Westlands au Kilimani, lugha inapata heshima zaidi: husikii tena kujichubua, unasikia kusawazisha rangi, mng'ao, dripu ya glutathione. Hata hivyo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

Uongo wa wauzaji unadumu kwa kuwa nusu yake ni kweli. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, hivyo rangi hubadilika na mteja mwenyewe anageuka shahidi wa muuzaji. Akiacha kupaka, rangi hurudi, na wasiwasi nao; basi naye hurudi dukani. Wapo wanaouliza: mtu mzima na ngozi yake, inakuhusu nini? Ni hoja nzito, na mimi sioni haja ya kumwaibisha anayejipaka. Daktari wa ngozi naye huweza kumwandikia mgonjwa haidrokwinoni kwa ajili ya madoa, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi. Lakini mgonjwa huyo ameelezwa anachopakwa. Mnunuzi wa krimu ya zebaki mara nyingi hajaambiwa, na sumu hiyo haibaki kwake peke yake, maana taulo likitumiwa pamoja huipeleka hadi kwa mtoto. Pengine dalili pekee kwenye lebo ni onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, na onyo hilo huandikwa ili kulinda pete.