Gari ya ibridi ya okazyo: ipandishwe mlima kwanza

Kisha kuuza kakao, komite ya koperativi moja ya upande wa Beni ilipanda Butembo kutafuta gari. Niliombwa niwasindikize. Muuzaji akatuonyesha Toyota Prius nyeupe, imeoshwa mpaka ndani ya magurudumu. «Papa, hii hainywake esansi,» akasema. Mama mtunza-feza akamuuliza: «Kama hainywake, mwenyewe aliiuza ju ya nini?»

Swali lile lilikuwa zuri. Mara nyingi jibu liko ndani ya batri.

Ibridi ni gari yenye moteri mbili, ya esansi na ya umeme. Haichomekwi popote, batri yake kubwa inajazwa na moteri ya esansi, na tena pale shofere anapofunga breki ama anaposhuka mlima. Ndiyo maana mjini, kwenye kusimama na kuondoka mara kwa mara, inapunguza esansi kweli. Kwenye safari ndefu faida ile inapungua. Na Prius iko chini. Tope letu la wakati wa mvua munalijua.

Katika Prius za 2003 mpaka 2009, batri kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma: vipande 28 vilivyounganishwa, jumla volti karibu 200. Kipande kimoja kikichoka, batri yote inasumbua. Kuna wauzaji wanaobadilisha kipande kile tu, wanafuta alama nyekundu mbele ya shofere, wanauza. Wiki chache baadaye alama inarudi, maana vipande vingine navyo ni vizee. Kwa hiyo musikubali kuzungushwa dakika tano ndani ya kiwanja.

Sisi tulifika asubuhi bila kutangaza, tukagusa moteri kuona kama iko baridi. Tukaomba kwenda mpaka Maboya na kurudi, watu wanne ndani, fundi wetu akiwa kwenye usukani. Batri nzuri, ukiiangalia kwenye ekrani, inapanda na kushuka polepole. Ile ilijaa haraka kwenye mteremko, kisha kwenye mlima ikaisha mara moja, moteri ya esansi ikapiga kelele, na feni ya nyuma ya kiti ikaanza kuvuma. Fundi hakusema neno.

Feni ile inavuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, ili kupoza batri. Vumbi likiliziba, ama mtu akiegemeza gunia la kakao pale, batri inapata joto na kufa mapema. Muchungulie tundu lile mbele ya kuuliza bei. Linasema mengi kuliko muuzaji. Waya nene za rangi ya machungwa musiziguse, umeme wake unaua. Na muulize: nani hapa Butembo ama Beni anaweza kutengeneza batri hii, kwa bei gani? Kama jibu ni Kampala, gharama ya Kampala muihesabu ndani ya bei ya gari.

Upande wa karatasi: gari hizi nyingi zinatoka Japani, zinashukia Mombasa, zinapita Uganda na kuingia Kasindi. Usukani uko kulia, na sisi tunaendesha kulia, basi kupita lori ni kubahatisha. Namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma muilinganishe na karatasi ya duane ya DGDA, herufi kwa herufi. Kwa Prius ya miaka ile iliyouzwa kwanza Japani, inaanza na NHW20. Karatasi zote ziandikwe kwa jina la koperativi, si la prezida. Prezida akifa, watoto wake watasema gari ni ya baba yao, na karatasi itawapa haki.

Kwa kubeba mazao, mimi nasema ibridi ndogo si gari yenu. Mukodishe Fuso siku ya mavuno. Kwa safari za komite, benki na mikutano, inaweza kufaa, kama batri imepimwa.

Muuzaji alishusha bei mara mbili tukielekea getini. Mama mtunza-feza akajumlisha bei ya batri aliyotajiwa na fundi, akarudisha feza ndani ya mfuko. Tukashika njia ya Beni mapema, jua likiwa bado juu. Gari kuzimika kwenye njia ile magaribi si jambo la kuchekea.