Unatafuta ukoo wa babu wa karne ya 19? Anzia hapa

Ukiuliza ukoo wa mzee wa Masasi au Newala ulitoka wapi, jibu linaweza kukufikisha Ziwa Nyasa, Msumbiji au hata Unguja.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji Masasi. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia, wakaua na kuteka watu. Baadaye makao ya misheni yakahamia Newala. Ndiyo maana ndugu wa ukoo mmoja wanaweza kupatikana pande zote mbili.

Tunashauri hivi:

Anza kwa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo upande wa mama, hivyo muulize bibi na mjomba kwanza.

Uliza majina yote. Mtu alipata jina jipya jandoni na jingine alipobatizwa. Ukijua moja tu, unaweza kumpita babu yako bila kumtambua.

Nenda kanisa la zamani. Omba kwa heshima kuangaliziwa kitabu cha ubatizo, ukitaja jina na mwaka wa kukadiria.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa. Wazee wengine husita kutaja utumwa. Usiwalazimishe, waambie tu kwamba aibu ni ya aliyeuza watu, si ya aliyeuzwa. Ila usingoje sana: majina mengine yamebaki kwa mzee mmoja tu.