Jicho Moja Kabla ya Mawili

Miaka ya 1950, huko Idaho, Marekani, kondoo walikuwa wakizaa watoto wa kutia simanzi: jicho moja tu, katikati ya uso. Watafiti wa Wizara ya Kilimo walifuatilia malisho yao hadi wakaupata mmea wa milimani uitwao Veratrum californicum. Kondoo akiula siku ya 14 ya mimba, mwanawe huweza kuzaliwa na jicho moja. Akiula wiki kadhaa baadaye, huenda akazaa mwenye kasoro nyingine, lakini macho yatakuwa mawili.

Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu macho ya wanyama wenye uti wa mgongo, sisi tukiwamo, hayaanzi mawili. Huanza kama eneo moja, upande wa mbele wa bamba la seli litakalokuwa ubongo. Kisha protini iitwayo Sonic hedgehog hutoka chini ya eneo lile, katikati, na kuzizuia seli za kati zisiwe jicho. Zinazobaki kushoto na kulia ndizo hufanya macho. Sumu ya mmea ule, saiklopamini, huziziba seli zisiupokee ujumbe huo, na eneo hubaki zima.

Mambo yakienda sawa, ubongo huchomoza vifuko viwili vinavyosogea hadi kuigusa ngozi changa. Kwa binadamu hiyo ni wiki ya nne ya kiinitete, wakati mama wengi ndiyo kwanza wanashuku kuwa wana mimba. Hapo ngozi hunenepa, hubonyea ndani, kisha hujitenga ikawa lenzi. Kifuko nacho hujikunja kama kikombe, na ukuta wake wa ndani huwa retina. Ndiyo kusema daktari anayetazama ndani ya jicho lako anaona kipande cha ubongo, na mimi bado sijazoea kulisikia hilo. Lenzi nayo hukitegemea kifuko: mwaka 1901 Mjerumani Hans Spemann aliharibu chimbuko la kifuko kimoja katika kiinitete cha chura. Upande ule lenzi haikutokea.

Ujumbe uleule wa Sonic hedgehog ukiwaka ovyo kwenye ngozi ya mtu mzima, huleta saratani. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha vismodegib, dawa inayouzima kama saiklopamini inavyouzima. Mjamzito hapewi.