Nchi Tatu Zile Zile, Matokeo Mawili

Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo. Brigedi hiyo iliidhinishiwa askari 3,069, nao wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 5 Novemba, waasi wa M23 walitangaza kukomesha uasi wao. Miaka kumi baadaye, Desemba 2023, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilianza kupeleka kikosi kingine katika jimbo lile lile la Kivu Kaskazini, kupambana na kundi lile lile, na nchi zilizotoa askari zilikuwa tatu zile zile. Safari hii mambo yaligeuka. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi, askari wa nchi zote tatu wakiwa miongoni mwa waliouawa, na tarehe 13 Machi wakuu wa nchi za SADC wakakikatisha kikosi hicho muda wake. Anayetaka kujua ushirikiano wa majirani unaleta amani kwa njia gani, na unashindwa kwa sababu gani, aanzie kwenye tofauti ya matokeo hayo mawili.

Maelezo ya haraka ni ya kijeshi, nayo yana uzito wake. Brigedi ya 2013 ilikuwa ndani ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikiungwa mkono na helikopta za kivita za Umoja wa Mataifa, ilhali kikosi cha SADC kilikwenda na uwezo mdogo wa anga dhidi ya adui ambaye naye hakuwa yule wa zamani. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya katikati ya 2024 ilikadiria kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo wakisaidiana na M23. Rwanda imekanusha mara zote, ikisema tishio halisi ni kundi la FDLR, ambalo ndani yake wamo watu walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994, na wataalamu hao hao wameeleza jinsi jeshi la Kongo lilivyoshirikiana na FDLR. Lakini maelezo haya ya kijeshi yanazaa swali lingine: kwa nini msaada kutoka nje ulikauka 2013 na ukafurika 2024? Hapo tunatoka kwenye silaha na kuingia kwenye siasa, na kwa maoni yangu hapo ndipo jibu lilipo. Kikosi cha kikanda hutekeleza makubaliano ambayo majirani wamekwisha kuyafikia. Yasipokuwepo, hakiwezi kuyaunda kwa mtutu.

Tazama yaliyotangulia brigedi ile. M23 waliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012, na siku chache baadaye wakaondoka kwa shinikizo la wakuu wa nchi za Maziwa Makuu. Wafadhili kadhaa wa Rwanda walikuwa wamezuia misaada. Uingereza peke yake ilizuia pauni milioni 21. Tarehe 24 Februari 2013, mjini Addis Ababa, nchi 11 zilitia saini mkataba uliozifunga zisiingilie mambo ya ndani ya jirani wala kuyasaidia makundi yenye silaha, huku Kongo nayo ikiahidi kurekebisha jeshi na utawala wake. Brigedi iliidhinishwa mwezi mmoja baadaye. Mpangilio huo una maana kubwa: kwanza anayesaidia uasi alianza kulipia, kisha majirani wakaandikiana ahadi, na askari wakaja mwisho.

Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoingia Goma Novemba 2022 kilikwenda kinyume. Kongo ilikuwa imejiunga na Jumuiya mwaka huo huo, na kwa ombi lake Rwanda iliwekwa kando. Askari wakatoka Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa iliamini wamekuja kupigana na M23. Waliowatuma, hasa Nairobi, waliona kazi yao ni kukaa katikati na kulinda maeneo ambayo waasi wangeyaachia, ili mazungumzo yapate nafasi. Tofauti hiyo ya tafsiri haikuwa jambo dogo la kimaandishi, maana ilihusu swali la msingi kabisa: adui ni nani, na je, yupo? Wakati huo huo Uganda na Burundi zilikuwa na askari wengine ndani ya Kongo kwa makubaliano yao wenyewe na Kinshasa. Kufikia Desemba 2023 Kongo ilikataa kuongeza muda, kikosi kikafungasha, na SADC ikachukua nafasi yake bila swali lile la msingi kujibiwa. Mazungumzo nayo yaligawanyika njia mbili: mchakato wa Nairobi, chini ya Uhuru Kenyatta, ulihusu serikali ya Kongo na makundi ya ndani, ule wa Luanda, chini ya Rais João Lourenço, ulihusu Kinshasa na Kigali. Aliyebanwa kwenye meza moja aliweza kukimbilia nyingine, na ndivyo ilivyokuwa. Mkutano wa Luanda wa tarehe 15 Desemba 2024 ulivunjika kwa sababu Rwanda ilidai Kinshasa ikubali kwanza kuzungumza na M23 ana kwa ana.

Huenda msomaji akasema haya ni kudai yasiyowezekana, kwamba majirani wa Maziwa Makuu hawajawahi kubanana wenyewe, na kwamba hata 2013 walioumiza walikuwa wafadhili wa Ulaya na Marekani. Burundi inatoa jibu. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi tarehe 25 Julai 1996, viongozi wa kanda walikutana Arusha na kabla mwezi haujaisha wakatangaza vikwazo vya kiuchumi. Hawakusubiri New York wala Brussels. Burundi haina bandari ya bahari, na shehena zake nyingi zilipitia Dar es Salaam na Kigoma, hivyo Tanzania ilipofunga mlango Bujumbura ilisikia. Septemba mwaka huo bunge na vyama vya siasa vilirudishiwa uhai, na Juni 1998 pande zikaketi Arusha mbele ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999 Nelson Mandela akaipokea kazi, na makubaliano yakasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Walinda amani wa Umoja wa Afrika waliokwenda Burundi 2003 walitoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, nchi ambazo hazipakani na Burundi hata moja. Majirani walifanya kazi ya kubana na kusuluhisha. Bunduki zikabebwa na wasio na deni wala dai katika nchi ile.

Vikwazo vile viliwaumiza wananchi wa kawaida, na pingamizi hilo halifutiki kwa kutaja mafanikio. Bei zilipanda, dawa na mbolea zikawa shida, magendo yakawatajirisha wachache wenye uhusiano na wakubwa, na Aprili 1997 viongozi wenyewe wakalazimika kulegeza baadhi ya masharti kabla ya kuvisimamisha Januari 1999. Funzo ninalolitoa hapo ni la shabaha. Mzunguko wa fedha za vita ya leo unajulikana kuliko wa wakati ule. M23 waliuchukua mji wa machimbo wa Rubaya, wenye koltani nyingi, mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi wanazotoza hapo zinawaingizia angalau dola 800,000 kwa mwezi. Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu una utaratibu wa kuthibitisha asili ya madini ulioidhinishwa na wakuu wa nchi mjini Lusaka Desemba 2010. Kumfungia mfanyabiashara anayesafirisha koltani ya Rubaya kwa vyeti vya uongo hakumnyimi chumvi mkulima wa Ngozi, Burundi, wala wa Musanze, Rwanda. Wanaosema tuanze na biashara, amani itafuata, wangeitazama Rubaya kwa makini: biashara ya kuvuka mpaka imekuwepo huko miaka yote, na sehemu yake ndiyo inayolipia risasi.

Pingamizi lingine ni la kisheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua kwa kauli moja, na kauli moja humpa mtuhumiwa turufu. Wengi huishia hapo, lakini Mkataba wa Jumuiya hauishii hapo. Kifungu cha 146 kinaruhusu kuisimamisha nchi inayokiuka misingi ya Jumuiya, na cha 148 kinaeleza kwamba katika uamuzi huo maoni ya nchi inayojadiliwa hayahesabiwi. Nyenzo ipo kwenye karatasi; haijaguswa. Tarehe 8 Februari 2025 Jumuiya hiyo na SADC zilifanya mkutano wa pamoja Dar es Salaam, jambo jema lililochelewa, na tamko lake likataka majeshi ya kigeni yasiyoalikwa yaondoke Kongo, bila kutaja jina la nchi. Haikutimia siku kumi M23 wakaingia Bukavu. Walioitaja Rwanda kwa jina walikuwa wajumbe wa Baraza la Usalama, katika azimio 2773 la tarehe 21 Februari, na makubaliano ya Kinshasa na Kigali ya tarehe 27 Juni yakasainiwa Washington.

Ugumu wa kutaja jina unaanzia kwenye uhakiki. Mwaka 2012 Goma iliwekewa chombo cha pamoja cha kuhakiki matukio ya mpakani, chenye maofisa wa nchi wanachama wa kanda. Kila ofisa anachunguza tuhuma zinazoigusa, pengine, serikali iliyomtuma, kisha ripoti inapanda kwa mawaziri na mara nyingi inaishia huko. Chombo cha namna hiyo kingekuwa na meno kama kingeongozwa na nchi zisizo na askari Kongo, na ripoti zake zikachapishwa kwa tarehe maalumu, wakubwa wakipenda wasipende.

Baada ya hapo inabaki gharama ya kumbana jirani, na gharama hiyo haigawanyiki sawasawa. Tanzania na Kongo ndizo nchi mbili pekee zilizomo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC kwa pamoja. Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda, na ya Kongo pia, hupita bandari ya Dar es Salaam, na mapato yake yanaingia katika bajeti ya Tanzania. Mwaka 1996 Tanzania ilikubali kuukosa mzigo wa Burundi kwa zaidi ya miaka miwili, nao ulikuwa mdogo kuliko unaopita leo kwenda Rwanda na Kongo.