Profesa ameandika, nani amesoma?



Kisha mkutano wa vijana, kijana mmoja anayesoma chuo alinionyesha telefone yake. Alikuwa anatayarisha kazi ya masomo juu ya magonjwa ya machimbo, akakuta jina la Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wa Universite ya Lubumbashi. Chini ya jina kulikuwa orodha ya makala, na pembeni ya kila makala namba.

«Mzee, hii namba ni nini? Ni feza banamulipa?»

Mama mmoja aliyekuwa anapanga viti akacheka, lakini hata yeye hakujua. Nami sikujibu vizuri siku ile. Nimejaribu kujifunza, na haya ndiyo niliyopata.

Si feza. Ile namba inaonyesha ni mara ngapi watafiti wengine, wakiandika makala zao, wametaja makala hiyo kama msingi wa maneno yao. Ni kama baraza la wazee: mmoja akisema jambo, mwingine akisimama na kusema «kama vile fulani alivyotuonyesha», amemtaja. Mtu wa kwanza kufanya biashara kubwa ya kuhesabu kutajwa huko alikuwa Mmarekani Eugene Garfield, aliyetoa orodha yake ya kwanza katika miaka ya 1960. Kusudi lake lilikuwa kusaidia watu kutafuta makala. Kupima ukubwa wa mtu kulikuja nyuma.

Mwaka wa 2005 mwalimu wa fizikia huko California, Jorge Hirsch, alileta hesabu nyingine inayoitwa h. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtafiti mwenye makala 20, na kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, h yake ni 20. Mwingine ana makala 2 tu, kila moja imetajwa mara 400: h yake ni 2. Umeona? Huyu wa pili pengine ameandika kitu kilichogeuza mawazo ya dunia, lakini hesabu inamwita mdogo. Tena, ugonjwa unaochunguzwa na watu wengi, kama malaria, una waandishi wengi wa kukutaja. Kobalti katika mkojo wa mtoto wa Kolwezi, ni wangapi wanaoandika juu yake? Na makala iliyoandikwa kwa Kifransa katika jarida la hapa kwetu, mara nyingi mashine za kuhesabu hazikuiona hata kidogo.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe, maana namba bila kazi ni chungu bila unga.

Mwaka wa 2009 Profesa Banza na wenzake wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitoa makala katika jarida Environmental Research. Walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wengine wakikaa karibu sana na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini, wengine mbali. Kati ya waliokaa karibu, chini ya kilometa 3, zaidi ya nusu walikuwa na kobalti iliyopita kipimo ambacho wataalamu wa Marekani wameweka kwa wafanyakazi wa viwandani. Hawa hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda, walikuwa watu wa nyumbani, na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Waandishi walisema kwamba kiasi hicho cha kobalti kilikuwa kikubwa kupita chote kilichowahi kuandikwa juu ya watu wa kawaida popote duniani.

Makala ile ilitajwa, na kutajwa kwake kulizaa kazi. Swali lililofuata lilikuwa: hiyo kobalti inaingia mwilini kwa njia gani? Mwaka wa 2014 kundi lilelile, pamoja na watu wa udongo na wa chakula, walijibu katika makala nyingine: kwa sehemu kubwa ni mboga zilizolimwa karibu na viwanda, na kwa watoto ni vumbi wanalomeza. (Ndiyo, hapo walijitaja wenyewe. Kila mtafiti anafanya hivyo, na wengine wanazidisha kusudi namba ipande.)

Kisha ikaja Kasulo. Wengi wetu tunajua habari ya mtaa ule wa Kolwezi: mwaka wa 2014 madini yalionekana chini ya nyumba, na watu wakaanza kuchimba mashimo ndani ya viwanja vyao, mlango kwa mlango. Banza na wenzake walipima watu 72 wa Kasulo, na kati yao watoto walikuwa 32, wakawalinganisha na 25 wa mtaa mwingine wa karibu usio na mashimo. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu, na watoto walipita wakubwa. Tena katika watoto waliona alama za kuharibika kwa DNA, ule uzi wa urithi ulio ndani ya mwili. Makala ilitoka mwaka wa 2018 katika Nature Sustainability, jarida linalosomwa na mabwana wakubwa wa dunia. Imetajwa mara mamia, na wenye kuitaja si waganga tu, ni pia watu wa uchumi, wa sheria na wa betri za magari.

Vijana, angalieni pia majina yanavyopangwa. Katika makala za afya, jina la kwanza kwa desturi ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la mkubwa aliyeiongoza. Mwaka wa 2009 na mwaka wa 2018 la kwanza ni Banza, la mwisho ni Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji. Msione ni jambo dogo. Mwaka wa 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, akagusa wagonjwa kwa mikono mitupu, na damu ya mgonjwa wa kule ikapelekwa Antwerp. Mwaka wa 1977 watu wa Antwerp walitoa makala yao juu ya kirusi kipya, ambacho leo tunaita Ebola. Jina la Muyembe halimo. Ilipofika mwaka wa 2019, dawa za Ebola zilizojaribiwa kwetu Kongo zilitangazwa katika New England Journal of Medicine: jina la kwanza ni Sabue Mulangu, la mwisho ni Muyembe. Hapo katikati ilipita miaka 42.

Lakini yule mama wa viti aliniuliza swali ambalo h haijibu. Alikaa Kolwezi zamani, na watu ambao hakujua walitoka wapi walipita kwa jirani yake wakipima. Akasema hivi: «Banapima mukojo ya batoto, banaandika, banaenda. Sasa mama wa mutoto, yeye anasomaka wapi?»

Makala zenyewe ni za Kiingereza, na mara nyingi zinauzwa kwa dola. Namba pembeni ya jina inahesabu watafiti waliotaja. Mama aliyebadilisha mahali pa kuoshea mboga haingii katika hesabu, hata kama watoto wake sita wamepona kwa sababu hiyo.

Na tusiseme makala inajua yote. Mwaka wa 2020, katika Lancet Planetary Health, kundi lenye watafiti wa Lubumbashi lilitoa kazi juu ya watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana, wakilinganishwa na 108 wazima. Mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini alikuwa na hatari ya kasoro mara 5 na zaidi. Lakini madini yenyewe katika mkojo wa mama hayakuonyesha njia wazi. Watafiti waliandika yote mawili. Anayetaja nusu ya kwanza tu anaongeza namba yao, lakini hajawasoma.

Siku ya Mungu iliyofuata nilimpa mama yule jibu la makala ya mwaka wa 2014: mawe yasichambuliwe ndani ya uwanja ambamo watoto wanacheza, mikono inawe mbele ya kula, mboga za karibu na kiwanda ziachwe kama kuna nyingine. Akasikiliza mpaka mwisho.

«Na kama hakuna ingine?»

Kijana ameandika swali hilo katika ukurasa wa kwanza wa kazi yake. Mwalimu wake, anasema, amemwomba aeleze nani amelisema, ili litajwe vizuri.