Tanzanite nyingi hazitoki ardhini zikiwa bluu
Kwenye pete tanzanite ni bluu inayoelekea zambarau, lakini mawe mengi hutoka mgodini yakiwa ya kahawia, asiyejua anaweza kuyapita tu. Huchomwa kwenye tanuri, nyuzi joto 500 hivi, ndipo bluu inajitokeza. Chanzo chake ni chembe za vanadiamu zilizomo ndani ya jiwe.

Duniani inachimbwa sehemu moja tu: Mirerani, wilayani Simanjiro, Tanzania. Iligunduliwa 1967. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliuza mawe mawili kwa Sh7.74 bilioni, moja likiwa na kilo 9.27!

Kama unayo, itunze. Sio ngumu kama almasi: ukiigonga inapasuka, hata vumbi lenye mchanga huikwaruza. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, basi.