Godoro la kununua kwa simu: Uliza kilo kabla ya kuangalia picha

Kibiti. Fedha za ufuta au korosho zikiingia, godoro jipya huwa kwenye orodha ya familia nyingi za Mchukwi na vijiji jirani. Zamani pwani hii watu walijaza sufi kutoka kwenye msufi wa nyumbani, na kila mtu alijua amelalia nini. Siku hizi mzazi anafungua simu na kukuta magodoro matatu ya futi tano kwa sita, inchi nane. Yote yanang'aa, yote yameandikwa HD, na moja limeongezewa neno “lateksi”. Bei zinapishana, lakini sababu haielezwi.

Dukani ungelibonyeza na kulilalia. Kwenye simu huwezi. Likishapakiwa kwenye basi pale Mbagala Rangi Tatu na kuteremshwa Kibiti, kulirudisha ni gharama nyingine ya mzigo, kama muuzaji atakubali. Hasara haiishii mfukoni pia, kwa sababu godoro hulaliwa kwa miaka, mara nyingi na mama na mtoto mchanga pamoja.

Uzito ndio unaosema kweli

HD maana yake ni sponji iliyoshiba, lakini herufi hizo mtu yeyote anaweza kuziandika. Kinachotenganisha sponji nzuri na hafifu ni kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 15 hadi 18 kwa kawaida hubonyea mapema ikilaliwa na watu wazima. Ya kilo 25 au zaidi hudumu muda mrefu.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha urefu na upana kwa futi, kisha unene kwa inchi, halafu gawa kwa 424. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, linakupa 240. Ukigawa kwa 424 unapata mita za ujazo 0.57. Sasa gawa uzito wa godoro kwa namba hiyo. La kilo 14 lina sponji ya kama kilo 25. La kilo 9 lina sponji ya kama kilo 16, hata kama picha zao zinafanana. Kitambaa nacho kina uzito, kwa hiyo hili ni kadirio, lakini linatosha kulinganisha magodoro mawili. Muuzaji mkweli anaweza kuliweka godoro kwenye mizani na kukutumia picha.

Lateksi halisi si nyepesi

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira uliopigwa ukatoa povu na kuokwa. Mingine hutengenezwa kwa kemikali, na mingine ni mchanganyiko. Ni nzito kuliko sponji ya kawaida: godoro la tano kwa sita, inchi nane, ambalo lote ni lateksi, linaweza kufika kilo 35 hadi 50. Ukiambiwa lateksi ya ukubwa huo ina kilo 13, hiyo ni sponji, au ni tabaka jembamba la lateksi juu ya sponji.

Ukikuta mawili ambayo kweli ni ya lateksi, uliza mambo matatu: asilimia ngapi ni mpira wa asili, tabaka la lateksi lina inchi ngapi, na limetengenezwa kwa njia ya Dunlop au Talalay. Dunlop kwa kawaida huwa nzito na ngumu zaidi. Talalay huwa laini na nyepesi kiasi. Kama nyumbani kuna mtu anayevimba au kuwashwa akivaa glavu za mpira, aongee na daktari kwanza.

Gumu sana si dawa ya mgongo

Wengi huamini godoro gumu kama ubao huponya mgongo. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003 uliwafuatilia watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa siku 90. Waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu zaidi ya waliolalia magumu.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Yeye anahitaji sehemu ngumu, tambarare, alazwe chali, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Godoro linalobonyea na kuacha shimo linaweza kumziba pumzi, na hatari huongezeka anapolala katikati ya watu wazima. Laini unalolifurahia wewe si la kumlaza yeye.

Nailoni nayo itoke. Wapo wanaoiacha miezi ili godoro lisichafuke au lisilowe mkojo. Nailoni inaweza kumfunika mtoto pua na mdomo, na kwenye joto la huku hukusanya jasho na kuleta ukungu. Tumia kava linalofulika na kukauka.

Pima kitanda na chandarua

Godoro la inchi kumi ni zuri kwa macho, lakini kama chandarua chako ni kifupi hakitachomekeka chini yake, na mbu watapata njia. Pima kuanzia kwenye chaga hadi chandarua kinapoishia ndipo uchague unene. Chaga zenye nafasi husaidia hewa kupita chini ya godoro.

Kuwa makini pia na lililotumika linalouzwa bei ya kutupa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyokumba Rufiji na Kibiti, tunajua maji yanavyoingia ndani. Sponji iliyonyonya maji machafu haisafishiki kwa kuanikwa juani.

Kabla ya kutuma fedha

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, atoe anwani na aeleze bidhaa yake. Asiyetaka kusema duka liko wapi, achana naye. Omba picha ya lebo na nembo ya TBS, na maelezo ya udhamini kwa maandishi: miaka mingapi, na godoro likibonyea inchi ngapi ndipo hubadilishwa. Hifadhi ujumbe wote na risiti.

Ikiwezekana, lipa mzigo ukifika. Lipime palepale stendi kabla bodaboda halijalikunja. Lililokuja limebanwa na kukunjwa lifungue siku hiyohiyo, uliache siku moja hadi tatu litanuke, ndipo upime unene. Kama umelipia inchi nane na futi yako inasoma sita na nusu, piga picha na umtumie muuzaji kabla hujatandika shuka.